Alama Nyekundu Mbele ya Jina la Simai

Mimi Kidawa sijawahi kuwa mpelelezi wa mtu yeyote. Nalisema hili mapema, kwa sababu mwaka ule wa sabini na moja mtaa wetu wote wa Sokomuhogo uliamini kwamba mimi ni mpelelezi, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaacha waamini kwa wiki saba. Nilikuwa na sababu. Sababu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minane, mwanya katika meno ya mbele, na jina lake Wanu.

Wanu ni mwanangu. Nilipoachana na baba yake, Simai, tulikubaliana mbele ya ami yangu na ami yake kwamba mtoto akae kwangu mpaka atimize miaka saba, kisha aende kijijini Uroa kwa bibi yake mzaa baba, na kila Ijumaa Simai amlete mjini anione. Simai aliitikia inshallah kwa sauti nzuri. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyoniponza nikaolewa naye.

Sasa sikilizeni. Simai alikuwa dereva wa gari la Uroa. Kila siku ya Mungu gari lile lilifika mjini, kituo cha Darajani, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya matenga ya samaki, ya mizigo ya kuni, ya mbuzi wawili na ya kizee mmoja na kuku wake. Nafasi ya mwanangu haikuwapo. Ijumaa hii mvua, Ijumaa ile pancha, Ijumaa ya tatu mtoto kalala, nimeona vibaya kumwamsha. Saa nane ya mchana! Na nikisema niende mwenyewe Uroa, nikifika tu kituoni gari hujaa ghafla. Kwa miezi tisa nilimwona mwanangu mara nne. Nilikuwa nikilia jikoni, moshi wa kuni ukinisitiri, na Bi Mwanapili, mamdogo wangu ninayeishi naye, akijifanya hajui.

Bi Mwanapili ndiye aliyenipeleka kusoma Kiingereza. Zilivuma habari kwamba watu wa simu wanatafuta wanawake wa kuunganisha laini, wenye kujua Kiingereza kidogo.

"Mdomo unao, mwanangu," aliniambia. "Bora uajiriwe."

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Borafya, karani wa mahakama aliyestaafu, aliyefundisha watu wazima baada ya sala ya alasiri katika chumba cha chini cha nyumba yake, Mkunazini. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni, nyeusi yake na nyekundu yetu. Alianza na maneno ya mambo ya kila siku.

"Kiingereza kina namna yake ya kusema jambo la mazoea," alisema. "Ni ile *hu* yetu. Jua huchomoza. Paka hulala. Kidawa huchelewa."

Darasa likacheka. Kazi aliyotupa ilikuwa rahisi: kila mmoja aandike sentensi ishirini za majirani zake. Nani, hufanya nini, saa ngapi, kila siku.

"Msinitungie," akaonya. "Tazameni, kisha muandike."

Kutazama! Angeniambia nifanye hesabu ningetoroka, lakini kutazama ndiyo kipaji nilichopewa. Dirisha letu la juu liko mbele ya njia panda, na chini yake ndilo duka la Msabah. Siku zile mchele na sukari vilikuwa vya mgao, na mgao wa mtaa wetu ulikuwa mikononi mwake. Foleni ilianza alfajiri, foleni ya mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake; unaliweka, unarudi kuchemsha chai, na jiwe linakushikia nafasi. Letu lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia viungo. Ukirudi utalikuta lilipo, isipokuwa Msabah amelisogeza, na Msabah alikuwa fundi wa kusogeza.

Basi nikaandika. Bwana Msabah hufungua duka saa tatu. Bwana Msabah husogeza mawe. Bwana Msabah hutia kidole mizani. Bi Kazija, jirani wa mkabala, husikiliza redio ya ng'ambo saa mbili usiku na kuifunika kwa mto. Imamu wetu huvuta sigara nyuma ya kisima. Sentensi ishirini, zote kwa Kiingereza, zote za kweli. Mwalimu Borafya alizisoma taratibu, mabega yakimtikisika, akatia alama nyekundu ya sahihi mbele ya kila moja, na chini kabisa akaandika: Vizuri sana, endelea. Akasaini.

Kesho yake nilikwenda kuchukua mchele, nikaliweka daftari juu ya meza ya duka ili nifunge kifurushi changu, nikalisahau palepale.

Msabah alikuwa amesoma Kiingereza kidogo, kile cha kutosha kumtia mtu matatani. Alijua namba, alijua majina, alijua neno la kila siku. Alilifungua daftari akaona jina, kitendo, saa. Jina, kitendo, saa. Lake lilikuwa la kwanza. Pembeni, kila mstari ulikuwa umehakikiwa kwa wino mwekundu. Na chini, kwa mwandiko wa mtu mwingine, mtu mzima, mtu wa ofisi, ilikuwa amri ya kuendelea, na saini. Enzi zile mtu akiona jina lake limeandikwa, hata kwenye orodha ya karamu, usingizi unamruka. Mnataka Msabah afikiri nini?

Mimi sikujua kitu. Nilichojua ni kwamba alasiri ile Msabah mwenyewe aliniletea daftari mpaka mlangoni, amelishika kwa mikono miwili kama sinia ya pilau. Asubuhi yake nikakuta jiwe letu liko mbele ya mawe yote. Mchele wangu ulipimwa ukazidi. Adhuhuri Bi Kazija akaingia na mikate ya ufuta minne, ya moto.

"Kidawa, mwanangu," akasema, hata hakukaa. "Ile redio mie nnasikiliza taarabu tu. Wallahi taarabu tu. Na mto ule ni kwa ajili ya vumbi."

"Vumbi, Bi Kazija?"

"Vumbi la usiku."

Siku mbili zilizofuata nilipokea toba za mtaa mzima. Mmoja aliniambia, bila kuulizwa, kwamba kuku wa Bi Mwanapili aliyepotea mwaka juzi hakupotea. Imamu alinisimamisha uchochoroni kunieleza kwamba sigara ni dawa ya kifua. Ndipo Bi Mwanapili alipokwenda kuchimba habari, akarudi amejiziba mdomo kwa kanga, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Wanasema unawaandika! Wanasema una mkubwa wako ofisini mwenye kalamu nyekundu!"

Tulicheka mpaka tukashikana. Halafu mamdogo akajipangusa macho akaniangalia.

"Kawaambie, Kidawa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Ntawaambia," nikasema. "Si leo lakini."

Nilitaka kujaribu kwanza. Nikaandika sentensi mpya kwamba Bwana Msabah hufungua duka saa moja, nikalisahau daftari mezani kwake. Safari hii nililisahau kwa makusudi. Kesho yake saa moja kasorobo milango ilikuwa wazi, naye amesimama ndani, macho mekundu, anamsabahi kila mtu. Nikaandika kwamba hatii kidole mizani. Kidole kikakaa mfukoni. Nikaandika kwamba humwamkia Bi Mwanapili kwa heshima. Akapiga shikamoo iliyosikika mpaka Darajani, na mamdogo, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, akaitikia marahaba bila kupepesa macho. Mtaa haujawahi kuendeshwa vizuri kama ulivyoendeshwa wiki ile.

Msiniulize lini wazo lilinijia. Lilikuwa limekaa moyoni tangu siku ya mikate ya ufuta. Msabah na Simai ni watoto wa ndugu wawili. Neno linaloingia dukani saa nne, saa sita liko Darajani kwenye gari la Uroa.

Niliandika sentensi tatu. Bwana Simai huendesha gari la Uroa. Bwana Simai hupakia samaki na mbuzi. Ya tatu niliiandika polepole, na naikumbuka kwa Kiingereza chake: *Every Friday Mr. Simai brings Wanu to her mother.* Kila Ijumaa humleta Wanu kwa mama yake.

Mwalimu Borafya alitia sahihi mbili. Kwenye ya tatu kalamu ikasimama.

"Huyu Wanu ni nani?"

"Mwanangu, Mwalimu."

"Na huletwa kila Ijumaa?"

Nikatazama sakafu. "Sentensi ina kosa?"

"Sentensi haina kosa. Ninalouliza ni habari yake." Hakunikemea. "Nilisema msinitungie," alisema kwa upole. "Jambo la kila Ijumaa ni la kila Ijumaa. Likiwa kweli, njoo nikutilie sahihi yako."

Akaandika mbele ya jina la Simai alama ya kuuliza. Nyekundu, kubwa, yenye tumbo.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nimeona mpango umeharibika. Mjinga mimi! Kesho yake asubuhi nililiacha daftari mezani kwa Msabah kwa mazoea tu, nikijua halina kazi tena, na kutoka dirishani nikamwona akilifungua, akipitisha kidole mstari kwa mstari, sahihi, sahihi, kisha kidole kikakwama. Akalisogeza daftari kwenye mwanga. Akafunga duka saa nne asubuhi, mbele ya foleni yenye watu, akaenda Darajani karibu na kukimbia.

Baadaye nilisikia aliyomwambia. "Sisi wote tumewekewa sahihi, Simai. Weye peke yako umewekewa alama ya kuuliza. Wanakuuliza! Na ni habari ya mtoto. Mlete mtoto, mwana wa ami, usituletee balaa."

Ijumaa ile, kabla adhana ya alasiri haijaisha, Wanu alisimama mlangoni kwangu kashika kikapu cha ukili wa ukindu. Alikuwa amerefuka. Mwanya mmoja ulikuwa umeziba na mwingine umefunguka, na mimi sikuwepo. Nilimkumbatia mpaka akaniambia, "Mama, nnaumia." Simai alisimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Ntamfuata saa kumi na mbili," alisema. "Na Ijumaa ijayo, inshallah." Kisha akaongeza haraka, "Yaani ndiyo. Ndiyo, si inshallah."

Alimleta Ijumaa hiyo, na iliyofuata, na nyingine. Wanu akawa wa mtaa. Bi Kazija alimfundisha kusuka ukili wa rangi mbili. Msabah alimkalisha juu ya gunia na kumpa mawe ya mizani achezee. Mimi nilikuwa nahesabu Ijumaa na sikumwambia mtu kitu. Kila nikitaka kwenda kusema ukweli, nilimwona Simai na sauti yake nzuri, nikarudi kukaa. Lakini sikufurahi sawasawa, nikiri. Nikipita barazani mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyenisengenyea mtu tena. Mtu wa kwetu akinyimwa umbea amenyimwa nusu ya chakula.

Mwisho ulifika siku ya Alhamisi, wiki ya saba, na uliletwa na suruali yenye pasi. Nilikuwa sijakwenda darasani siku nne, na Mwalimu Borafya hakuwa mtu wa kumwachia mwanafunzi apotee. Alikuja Sokomuhogo na bakora yake, akasimama katikati ya foleni. Mimi nilikuwa kwenye foleni ileile, nikajikunja nyuma ya Bi Kazija.

"Assalaam aleikum. Namtafuta Kidawa, mwanafunzi wangu wa Kiingereza."

"Mwanafunzi?" akasema Msabah.

"Tena hodari. Niliwapa kazi ya kuandika majirani zao, akaniandikia bwana mmoja wa duka anayetia kidole mizani. Nilicheka siku mbili. Nyie mnamjua?"

Mwalimu aliniona, akaniambia nisikose Jumatatu, akaaga, akaenda zake, hana habari ya alichokifanya. Nyuso zote zikanigeukia.

"Kidawa," alisema Msabah polepole. "Wiki saba naamka na adhana. Wiki saba nampigia shikamoo Mwanapili, ambaye mie nlimwona akizaliwa. Kwa ajili ya darasa?"

"Nisameheni," nikasema.

"Na mie redio yangu!" akalia Bi Kazija. "Wiki saba nimeizima!"

Msabah alitoka nje, akaliokota jiwe letu, akalirusha mwisho wa foleni likagonga ukuta. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa kuliko matusi yote. "Kesho Simai akija, ana haki ya kujua."

Alasiri nilimfuata dukani. Sikwenda na hila. "Nitukane mbele ya watu, Msabah, nimestahili," nilimwambia. "Chukua mgao wangu wa mwezi. Lakini akijua, hatamleta tena, na weye unamjua." Aliendelea kufuta mizani na tambara, mgongo kwangu. Niliondoka, na usiku ule Bi Mwanapili hakunikumbusha habari ya mbio za sakafuni, jambo lililonitisha zaidi.

Ijumaa walikuja. Wanu hakuniendea mimi kwanza. Alikimbilia dukani, na Simai akamfuata nyuma. Niliteremka ngazi, nikasimama kizingitini, hatua kumi kutoka kwao. Foleni ya alasiri ilikuwa imejaa. Hakuna aliyenisalimu.

Wanu alitoa kikapuni pweza mkavu aliyefungwa kwa jani la mgomba, akampa Msabah.

"Bibi kasema nkupe. Baba kasema weye ndo ulomwambia anilete kwa mama. Ahsante."

Msabah akamshika yule pweza asijue amweke wapi. Simai akasogea, akashusha sauti, ile nzuri, lakini barabara zetu ni nyembamba na sauti haina pa kwenda.

"Mwana wa ami, Darajani kuna mtu kanambia ati ni daftari la shule. Ati tumechezewa. Kweli?"

Msabah alimtazama Simai. Alimtazama Wanu, ambaye alikuwa ameshapanda juu ya gunia lake. Kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo.

"Shule?" alisema. "Mwanamke mzima, shule? Tumia akili, Simai. Mie nafungua saa moja. Unadhani nafungua kwa mapenzi yangu?"

"Lakini huyo mtu kaapa..."

"Na huyo mtu ni nani? Jina lake nani?" Msabah alichukua kalamu kutoka nyuma ya sikio. "Nitajie, liandikwe."

Simai akarudi hatua moja.

"Mie redio nimeizima," alisema Bi Kazija kutoka kwenye foleni, anatazama mbinguni. "Mtu hazimi redio bure."

"Na sigara nimeacha," akasema imamu, akakohoa, nadhani kwa kicheko.

Simai aliniamkia kwa mbali, akasema atamfuata mtoto saa kumi na mbili, kama kawaida, na akaenda zake upesi kuliko alivyokuja. Hakuna aliyecheka mpaka alipopinda kona. Hapo ndipo foleni ilipopasuka, watu wakashikilia ukuta, na Bi Kazija akaketi chini barabarani. Mimi nilikuwa nalia. Nilikwenda kwa Msabah kumshukuru, akaninyooshea kiganja nisimkaribie.

"Kilo yako ya sukari," alisema. Akaiweka kwenye mizani, na mbele ya macho yangu, polepole, akanikazia macho, akatia kidole. "Leo hii ni haki yangu."

"Ni haki yako," nikasema.

Toka siku hiyo alirudia kufungua saa tatu na kusogeza mawe apendavyo, isipokuwa siku moja. Ijumaa Simai huja mtaani kwetu na huweza kutokea saa yoyote, kwa hiyo Ijumaa duka lilifunguliwa saa moja na kidole kilikaa mfukoni. Haukupita mwezi mtaa mzima ulihamishia mawe yake Ijumaa. Msabah alinilaumu kwa hilo miaka mingi.

Kazi ya simu niliipata mwaka uliofuata, kwa mtihani wa pili. Lakini Jumatatu ile, baada ya Ijumaa ya pweza, nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Borafya na daftari langu lenye vumbi la mchele. Nililifungua kwenye sentensi ile. Alivaa miwani, akaisoma, akasoma na alama yake mwenyewe.

"Ijumaa ngapi sasa?"

"Sita, Mwalimu."

"Na ijayo?"

"Ataletwa."

"Unajuaje?"

Nilifikiria kumweleza habari ya Msabah, Bi Kazija na imamu, nikaona siku haitatosha. "Majirani zangu wamesema," nikamjibu.

Alitoa kalamu nyekundu. Wino haufutiki, kwa hiyo alama ya kuuliza ilibaki palepale na tumbo lake. Akatia alama ya sahihi juu yake, ndefu, mpaka ikatoka nje ya mstari.